Wembe Hauna Mpini

Ukuta kati ya chumba changu na cha jirani, kwenye nyumba za kupanga za Migosi, ulikuwa wa tofali moja, na kupitia tofali hilo nilijifunza sauti za kipigo kabla sijajifunza neno lolote la ushauri. Kofi lina sauti kavu. Mkanda hutanguliwa na mvumo mdogo wa hewa. Ngumi haina sauti kubwa; kinachosikika ni pumzi inayomtoka anayepigwa. Kichwa kikigonga ukuta, vikombe vyangu vilitikisika kwenye rafu.

Hayo yalikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa mtunza stoo katika duka la vipuri vya magari mjini Kisumu, kijana asiyeoa, mwenye mazoea ya kuweka kila kitu mahali pake. Sisi majirani tulikuwa na utaratibu wetu: kelele zikianza, kila nyumba iliongeza sauti ya redio. Asubuhi moja mama wa chumba kile cha jirani alitolewa akiwa amefunikwa shuka lisilofika miguuni. Mume wake alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiomba maji ya kunywa. Mtu mmoja alimpa. Akanywa yote, akarudisha kikombe, akasema asante.

Sikuwa na elimu ya kuelezea nilichokiona. Nilikuwa nimeachia shule kidato cha pili. Nikaanza kununua vitabu vilivyotumika karibu na stendi ya mabasi, chochote kilichozungumzia ndoa, familia au hasira, nikavisoma kwa Kiingereza cha kamusi. Nilipata majina ya mambo mengi bila kujua la kufanya na hata moja. Kwa hiyo niliposikia kwamba kuna muuguzi mstaafu anayefundisha watu wa kawaida kuwa washauri wa familia, siku za Jumamosi, katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa kanisa pale pale Migosi, nilienda wiki ile ile.

Mwenyewe hakuwa Mkristo. Alikuwa mwanamke Mwislamu wa mjini, mjukuu wa mtu aliyetoka pwani akaoa huku, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu sote. Kanisa lilimpa chumba kwa sababu alikuwa amewazalisha nusu ya waumini. Watu wote walimwita Sista, kama walivyomwita wodini.

"Nimeshona wanawake miaka yote ya kazi yangu," alituambia siku ya kwanza. "Nyusi, midomo, vichwa. Nashona, wanarudi nyumbani, wanaletwa tena uzi wa kwanza ukiwa haujatolewa. Nimechoka na sindano."

Wanafunzi tulikuwa watatu tu wa kudumu: mimi, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na mama aliyekuwa akiuza mitumba sokoni Mamboleo. Wengine walikuja, wakagundua kwamba hakuna cheti, wakaondoka.

Kazi ilipangwa hivi. Chumba kiligawanywa kwa leso mbili, yaani kanga, zilizoshonwa pamoja na kutundikwa kwenye waya. Mmoja wetu aliketi ndani na familia iliyokuja na shida. Sista na wanafunzi waliobaki walikaa upande wa pili wa pazia, wakisikiliza. Familia iliambiwa mapema kwamba kuna watu nyuma. Katika vitabu vyangu nilikuwa nimesoma kwamba huko ng'ambo hutumia kioo maalumu. Sisi tulikuwa na leso. Mlango wa chumba ulikuwa upande wa wasikilizaji, kwa hiyo kila aliyeingia au kutoka ilibidi apite mbele ya benchi lao.

Mambo aliyotufundisha zaidi ya yote yalikuwa mawili, fumbo na kejeli.

"Mtu anayepiga amesikia mahubiri yote," alisema. "Chifu amemwambia, padri amemwambia, mama yake amemwambia. Masikio yake yana sugu. Ukimwambia wazi, unagonga sugu. Fumbo ni kiti. Humwambii mtu akae. Unakiweka hapo, unazungumza mambo mengine. Akichoka, atakikalia mwenyewe."

Zoezi la kwanza lilikuwa kusimulia kipigo bila kutaja mtu, mkono wala kupiga. Mwalimu alitangulia, kwa sauti ya darasani: "Mvua ya mawe ilinyesha juu ya shamba changa la mahindi."

"Vizuri sana," Sista akasema. "Na nani amewahi kuishitaki mvua? Umemwachilia huru mtu wako kabla hajaomba msamaha. Mwingine."

Mama wa mitumba akakuna kichwa. "Mimi nitasema, kuna mtu alinunua shati mzuri, karibu mpya. Alafu akaenda nyumbani akapangusia nayo viatu."

Tulicheka. Sista hakucheka. "Afadhali," alisema. "Hapo kuna mtu aliyechagua."

Siku nyingi zilipita kwenye zoezi hilo moja. Nililifanya nikiwa stoo, nikipanga fani belti na pedi za breki, na niligundua kwamba karibu kila fumbo lililonijia lilikuwa na mvua, moto au mnyama ndani yake. Nilikuwa nimejaza kichwa changu maneno ya kuwatetea watu wale bila kujua.

Kejeli aliifundisha baadaye, na kwa tahadhari. Alitaka tuigize. Mwalimu awe mume, mama wa mitumba awe mke, mimi niwe mshauri. Mwalimu akasema maneno aliyopewa: kwamba alimpiga mkewe kwa sababu chakula kilikuwa baridi. Mimi nilikuwa bado natafuta la kusema, na mama wa mitumba akanitangulia.

"Na baada ya kunipiga, baba watoto, chakula ilipata moto?"

Mkono wa mwalimu ukainuka. Ninaandika nilichokiona: haukuwa mkono wa maigizo. Bega lilirudi nyuma, kiganja kikafunguka, shingo ikakakamaa. Alikuwa mtu mpole, anayevaa sweta hata wakati wa joto, na mkono wake ulikuwa umesimama hewani juu ya uso wa mwanamke mwenye umri wa mama yake.

"Usiushushe," Sista akasema. "Uache hapo hapo. Wote utazameni."

Jasho lilimtoka mwalimu. Mama wa mitumba alikuwa amefumba macho na kuinua kiwiko, naye pia hakuwa akiigiza. Kiwiko kile kilijua njia yake. Tulikaa hivyo mpaka Sista akamwambia mwalimu aketi.

"Sasa mmeelewa," alisema. "Kejeli ni wembe. Inapita kwenye sugu ambayo mahubiri hayapiti. Lakini wembe hauna mpini, anayeushika naye hukatwa. Kwa hiyo isitumiwe kamwe na yule atakayelala nyumba moja na mpigaji. Mke asifanye kejeli mbele yenu, na msimfundishe. Ifanye wewe mshauri, ambaye ukikatwa una mahali pengine pa kwenda."

Nililiandika hilo moyoni kama sheria. Sikuuliza kama mwenye kuushika wembe huambiwa kabla ya kukatwa.

Miaka michache baadaye ukaja ule mwaka gugu maji lilipofunga ufuko wa Dunga. Mashua zilikwama kwenye majani kama nzi kwenye asali. Wanaume waliozoea kuondoka nyumbani alfajiri wakawa wanashinda kwenye pombe ya busaa, na wake zao ndio waliozunguka kutafuta samaki fuo nyingine, wakawakaanga na kuwauza. Wauguzi waliobaki kazini walimwambia Sista kwamba wodi ya wanawake ilikuwa inajaa.

Mmoja wa wanawake hao aliletwa kwetu na kaka zake wawili. Alikuwa mkaanga samaki, mke wa mtu mwenye mashua tatu pale Dunga. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya plasta hadi juu ya kiwiko, meno mawili ya mbele hayakuwapo, na sikio moja halikuwa likisikia tena. Kituoni kwa polisi alikuwa ameambiwa hayo ni mambo ya nyumba. Kaka zake walikuwa wamemchukua hadi kwa mama yao, ng'ambo ya Mto Nyando, lakini wazee wa ukoo wao wenyewe walikuwa wamekwisha kuamua. Ng'ombe wa mahari walipokelewa, watoto wawili wako kwa baba yao, mkono utapona. Plasta ikitolewa, arudi.

"Nitarudi," alisema, kwa kuwa watoto walikuwa huko. "Lakini safari hii nitaletwa kwa mama ndani ya sanduku. Nyinyi mtakuwa mmesema pole."

Hakulia aliposema hivyo. Kaka mkubwa ndiye aliyelia, akiwa amegeukia ukutani.

Sista alikaa naye faragha kwa muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba mimi ndiye nitakayeketi na mume na mke, na kwamba kazi yangu ni kejeli, yote, bila kurudi nyuma. "Msifu," alisema. "Msifu mpaka afike juu kabisa, mahali ambapo mtu hutazama chini mwenyewe."

Mume alikuja kwa sababu chifu alimwambia akionekana kwenye ushauri, mambo yatakwisha haraka. Alikuwa mtu mkubwa, msafi, amevaa shati lililopigwa pasi na saa ya dhahabu. Alipita mbele ya benchi, akawasalimu mwalimu na mama wa mitumba kwa adabu, akaingia upande wangu na kuchagua stuli iliyo karibu na dirisha. Mkewe aliketi mbali, plasta juu ya mapaja. Ukumbini kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi ya wimbo ule ule, ikikosea mahali pale pale.

"Karibu, Bwana," nilisema. "Pole na safari."

"Safari gani? Dunga ni hapa tu. Sema ile kitu unataka kusema, nirudi."

"Nataka kujifunza. Naambiwa wewe ni mtu wa nguvu."

"Nani anasema?"

"Plasta inasema."

Alinitazama, kisha akacheka kwa sauti nzito. "Hiyo mkono ilijivunja yenyewe. Aliinua kujikinga. Kama hangeinua, ingevunjika?"

"Basi kosa ni la mkono. Uliingilia kati yako na kichwa."

"Ah! Umesema!" Akamgeukia mkewe. "Unasikia? Huyu kijana anaelewa."

Nilikuwa nimetarajia wembe upite. Ulikuwa umepita bila damu. Niliongeza.

"Sisi wengine hatuna ujuzi huo, Bwana. Mimi nikikasirika hupiga meza, mkono unaniuma mimi. Mtu wa nguvu huanza wapi?"

Akasimama. Hakuhitaji kuombwa mara mbili. Aliinua stuli kwa kuishika mguu wake mmoja na kunionyesha: kwanza mlango unafungwa, kwa sababu majirani ni watu wa maneno. Pili taa inasogezwa, kwa sababu taa ni ya kununua. Kisha kasia, si upande mpana, ule wa kushikia, maana upande mpana huvunjika na kasia ni mali. Aliipiga hewa. Stuli ilipita karibu na uso wangu na nikasikia ule mvumo mdogo niliokuwa nikiusikia kupitia tofali. Mkewe hakuondoa macho sakafuni, lakini kila stuli iliposhuka, vidole vilivyotoka kwenye plasta vilijikunja.

"Na yeye husema nini?" niliuliza.

"Atasema nini? Anaita mama yake! Mama, mama, mtu mzima." Alikuwa amelowa jasho, amefurahi, yuko nyumbani kwake. "Nikamwambia, ita huyo mama yako vizuri. Hii mwili nililipa na ng'ombe, kutoka kwa tumbo ile ilikuzaa. Nikitaka, nitamrudishia vipande vipande ndani ya gunia ya samaki ya omena, achague mwenyewe ataanza kulia na gani."

Nyuma ya pazia mtu alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha mwanamke mzee, kilichozuiliwa muda mrefu.

Kisha sauti ile ile ikasema, taratibu, kwa heshima yote: "Nimesikia, baba."

Aliyesema ni mama mkwe wa mtu yule. Kwa msomaji asiyetoka ziwani, ni lazima nieleze. Kwa Wajaluo, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai chumba kimoja kidogo. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hakuna anayekula mbele ya mwenzake. Mwanamume akimwona mama mkwe wake njiani, hupisha, hata akiwa na haraka, hata akiwa mlevi. Jambo la mwili halitajwi masikioni mwake kamwe. Mtu huyu alikuwa amelitaja tumbo lake.

Alisimama na stuli mkononi. Uso wake ulibadilika kuwa wa kijivu. Niliona macho yake yakienda kwenye mlango, yakakumbuka mlango uko wapi, yakarudi. Hakuweza kuligusa pazia. Hakuweza hata kulitazama. Kila kitu kilichokuwa kimepanda ndani yake kilikosa njia isipokuwa moja, nayo ilikuwa mimi.

Pigo la kwanza lilivunja mtulinga wangu, mfupa wa begani. Nilisikia mfupa kabla ya maumivu. La pili lilinipata mdomoni. Nilianguka, naye akaendelea na ule utaratibu wake, akilenga, na kilichonishangaza nilipokuwa chini ni kwamba alifanya yote kimya, akiuma midomo, ili mama mkwe asisikie. Mwalimu ndiye aliyerarua pazia na kumrukia mgongoni. Walianguka pamoja juu ya meza. Mama wa mitumba alikuwa amemshika mguu, akimtukana kwa Kijaluo na Kiswahili kwa zamu: "Piga basi! Piga na mimi! Wewe dume la kupiga watu wamekaa!"

Alipojinasua, pazia halikuwapo tena, na yule mama mzee alikuwa ameketi mwisho wa benchi, amejifunika uso kwa leso yake. Mkwe akatokea dirishani. Lilikuwa dirisha dogo. Alikwama kiunoni, akajisukuma, akaacha nusu ya shati kwenye komeo pamoja na ngozi. Kwaya iliacha kuimba ilipomwona akianguka kwenye maua ya kanisa.

Sista alinitembelea hospitali na chupa ya uji. Mdomo wangu ulikuwa umeshonwa, lakini niliweza kusema.

"Ulijua mama yule yuko pale."

"Nilimweka mimi. Aliingia mkwe wake alipokwisha kuketi, kwaya ikiimba."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia, ungepunguza. Ungemlinda mama, ungemlinda hata yule mtu. Wewe ni mtu wa kupanga vitu mahali pake."

"Ulinifundisha kwamba mwenye kuushika wembe hukatwa. Hukusema ni wewe utakayenikata."

Alifunika uji. "Sikusema," alikubali. "Nilimwuliza yule binti: mumeo anamwogopa nani? Akasema hakuna. Chifu anakunywa naye, kaka zangu amewapiga. Nikanyamaza. Baadaye akasema mwenyewe: yuko mmoja ambaye hawezi kumtazama. Hapo ndipo nilipokiona kiti. Ungekuwa mimi, ungekiacha?"

Nilikunywa uji kwa mrija.

Lililofuata ndilo lililonifundisha zaidi kuliko vitabu. Kuvunja mkono wa mke hakukuwa na faini. Kumng'oa meno hakukuwa na faini. Kumfanya kiziwi wa sikio moja kulikuwa bahati mbaya ya ndoa. Lakini maneno yale kusikiwa na mama mkwe yalikuwa uchafu ambao koo zote mbili zililazimika kuusafisha, na mpaka usafishwe, mkwe asingeweza kukanyaga boma lile wala kumdai aliyemo. Habari ilitembea ufukoni haraka. Plasta ilitolewa, na mwanamke hakurudi, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumchukua kihalali.

Wazee wa pande zote walikutana kwa mama yule, ng'ambo ya Nyando. Niliitwa kuwa shahidi, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Mwenyeji wao, mzee wa ukoo wa mke, aliniuliza: "Kijana, alisema nini hasa?"

Nilifungua mdomo, mzee mwingine akainua mkono haraka. Mama mwenye boma alikuwa jikoni kwake, mlango wazi, anasikia. Maneno yale yasingeweza kusemwa mara ya pili. Nilifikiri, kisha nikasema: "Wazee, alieleza jinsi ya kupasua kuni, hatua kwa hatua, kama fundi. Kisha akautukana mti uliozaa kuni hizo."

Walinung'unika. Ilitosha. Wakakubaliana: mkwe alete mbuzi, mama ampokee, mambo yaishe, mke arudi kwa watoto wake. Walisema "arudi" kwa wepesi sana. Yeye alikuwa amesimama nyuma ya jiko, nikamwona akihesabu kitu kwa vidole vya ule mkono uliopona vibaya, kama mtu anayejaribu kama vitaweza kushika.

Siku ya mbuzi nilikuwapo pia, na Sista. Mkwe alisimama nje ya lango, kama ilivyopasa, ameangalia upande wa ziwa. Mshenga aliyewaunganisha zamani, mzee mchangamfu mwenye kofia, alimvuta mbuzi hadi uani, panga la kuchinjia kwapani.

Mama akasema kutoka jikoni, bila kutokea: "Huyo mbuzi ni wa nani?"

"Ni wa mkweo, Mama."

"Si wake. Mkwe wangu ni mtu wa nguvu. Nilisikia mimi mwenyewe. Huyo ni mbuzi wa mtu mnyonge. Mrudishieni mwenyewe, atakuwa anamtafuta."

Wazee walicheka. Mshenga alicheka zaidi. "Mama mkwe anataka kubembelezwa! Haki yake." Akamrudisha mbuzi, na wiki iliyofuata tukaitwa tena. Safari hii lilikuwa beberu jeusi, nono, shingo kama ya ndama.

"Huyu mzuri," mama alisema kutoka jikoni. "Manyoya yanang'aa. Macho mawili, masikio mawili, miguu yote imenyooka."

"Basi Mama amepokea!" mshenga akapiga makofi.

"Ndiyo maana nasema si wake. Mkwe wangu kila kilicho chake hukiwekea alama. Huyu hana alama hata moja."

Hakuna aliyecheka. Nilimtazama Sista, alikuwa ameinamisha kichwa. Nikageuka kutazama lango.

Aliingia. Alivunja mwiko wa lango kana kwamba lilikuwa utando wa buibui, akalichukua panga kwapani mwa mshenga kabla mzee hajageuka, na akamkata beberu. Hakumchinja. Alimkata mgongoni, na mnyama akalia kama mtu na kuburuta miguu ya nyuma. Akamkata usoni. Akaondoa sikio. "Alama!" alikuwa akisema. "Alama! Hii hapa! Alama!" Mbuzi alijaribu kwenda kwa mshenga, maana ndiye aliyekuja naye, na mshenga akarudi nyuma mpaka akaanguka. Damu iliwafikia wazee kwenye viti vyao. Kaka wawili wa mke walisimama wakiwa na rungu, lakini hawakusogea, wala hakuna aliyewaambia wasogee. Alikata muda mrefu baada ya kilio kukoma. Mwishoni mkono ulichoka, akasimama akihema, akatazama alichofanya na panga alilokuwa nalo. Kisha akamwona mkewe mlangoni mwa jiko, na nyuma ya bega lake, uso wa mama mkwe, wazi, bila leso, ukimtazama machoni.

Aliliacha panga lianguke na kuondoka kwa kutembea tu.

Mzee wa kwanza kusema alikuwa baba mdogo wa mkwe, aliyekuwa amekuja kumtetea. Alikuwa na damu kwenye kanzu yake ya kanisa na hakuipangusa.

"Hiyo ilikuwa mbuzi," alisema.

Alitazama mzoga, kisha mwanamke aliyekuwa mlangoni mwa jiko. Alimgeukia mshenga, ambaye bado alikuwa chini. "Inuka. Chukua baiskeli. Nenda Dunga kwa mke wa kaka yangu, mwambie nimesema mimi, watoto waletwe huku kwa mama yao. Na nguo zao. Yule asiulizwe."

"Na ng'ombe je?" mzee mmoja wa upande wa mke akauliza kwa sauti ndogo.

"Ng'ombe gani?" baba mdogo akasema bila kugeuka.

Hakuna aliyetaka kula nyama ile. Kaka za mke waliburuta mzoga hadi shambani na kuufukia, kisha wakamwaga majivu uani, lakini ardhi ya pale ni nyeusi na nzito na haikunywa yote. Sista na mimi tulibaki kwa kuwa jua lilikuwa kali na bega langu liliuma. Mwanamke hakuketi. Alisimama langoni mpaka baiskeli ilipoonekana kwenye tuta la mto, mvulana akiwa mbele kwenye bomba, msichana mdogo nyuma amekumbatia mfuko wa nguo.

Msichana alishushwa, akakimbia, akasimama ghafla kwenye majivu.

"Mama, hii damu ni ya nani?"

Mama yake alimnyanyua kwa mkono mmoja, ule mzima.

"Ya mbuzi," alisema.